Amar Singh wa Rajkot, Mrushaji wa Mpira

Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za mtu wa Bara Hindi aliyeitwa Amar Singh, ambaye kazi yake katika dunia ilikuwa kurusha mpira. Labda mwingine atasema, Kurusha mpira ni kazi gani, nasi tuna pamba ya kuchuma na nyavu za kushona? Na avumilie kidogo. Habari hizi zina njia yake ya kufika mpaka katika baraza la duka anunuamo sukari.

Mtu apitaye katika njia za mji wa Mwanza, akisoma majina ya koo yaliyoandikwa zamani juu ya milango ya maduka, husoma ramani ya nchi iliyo ng'ambo ya bahari pasipo kujua. Wengi wa wenye maduka hayo asili yao ni Kutch na Kathiawar, yaani lile rasi pana la magharibi ya Bara Hindi lijitokezalo baharini, lenye miji ya Rajkot, Jamnagar na Porbandar. Pepo za kaskazi ziliwaleta kwa majahazi mpaka Unguja na Bagamoyo, na kutoka huko wakafuata misafara ya bara kwa miguu. Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, alifika pwani yetu akali mvulana, na kabla ya kufa kwake mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yameenea katika njia za misafara hata kuzunguka Ziwa. Nanji Kalidas Mehta, mtu wa upande wa Porbandar, alianza kwa duka dogo huko Uganda, akaishia na mashamba ya miwa ya Lugazi. Hata reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, viwanda vya kuchambulia pamba vikazidi, na watu wa Kathiawar wakazidi pamoja navyo. Walileta mizani, vitambaa, bizari, na ujuzi wa hesabu ambao sisi walimu twauonea wivu mpaka leo. Tena walileta kriketi.

Wengi wetu tumeuona mchezo huu kwa mbali, tukauona kuwa ni watu waliovaa nguo nyeupe wakisimama juani wasifanye neno. Basi tueleze kwa ufupi, maana bila hivyo sifa ya Amar Singh haitaeleweka. Vijiti vitatu husimamishwa katika ardhi, urefu wake kama unavyofika kidogo juu ya goti la mtu mzima, na vijiti vitatu vingine huwekwa upande wa pili, umbali wa kama mita 20. Mpigaji husimama mbele ya vijiti akiwa na gongo la bapa. Mrushaji huja mbio kutoka upande wa pili, akarusha mpira wa ngozi, mgumu kama jiwe la mto, ili avipige vile vijiti. Mkono wake sharti uwe umenyoka. Akiukunja na kuukunjua kama mchungaji atupaye jiwe, hesabu yake si halali. Mpigaji akiupiga mpira mbali, hukimbia mpaka upande wa pili, na kila mkimbio huhesabiwa moja. Akitolewa, basi mrushaji amepata wiketi. Mirusho sita hufanya ova moja, kisha hurusha mwingine.

Mrushaji mwenye kasi humpa mpigaji nafasi ya yapata nusu ya sekunde tangu mpira utoke mkononi. Katika nafasi hiyo ndogo mpigaji hana budi kuamua kama aende mbele, au arudi nyuma, au auache upite. Wala kasi si silaha pekee. Mpira wa kriketi una mshono unaouzunguka, na wachezaji husugua upande mmoja kwa suruali zao mpaka ung'ae, na upande wa pili huachwa uparuze. Mpira wa namna hiyo, ukirushwa na mtu ajuaye kuushika mshono, hupinda hewani kama samaki akatavyo maji. Kisha ukigonga chini huweza kukata njia nyingine tena. Elimu hii ndiyo aliyokuwa nayo Amar Singh. Walikuwapo waliorusha kwa kasi kumpita, lakini wapigaji waliopambana naye walishangazwa na jambo moja: mpira wake ulionekana kuzidi mwendo baada ya kugonga ardhi, hali kila mtu ajua kwamba kitu kigongacho chini hupunguza mwendo.

Alizaliwa Rajkot tarehe 4 Desemba 1910. Kaka yake, Ramji, alikuwa naye mrushaji, mkali kwa kasi kuliko yeye, nao wote wawili walikuja kuichezea India. Kathiawar ya siku hizo ilikuwa imegawanyika katika milki nyingi ndogo, kila moja na mtawala wake, na watawala hao walipenda kriketi kama masultani wa kale walivyopenda farasi. Mkubwa wao kwa sifa alikuwa Ranjitsinhji, aliyeichezea Uingereza tangu mwaka 1896, kisha akatawala Nawanagar, ambayo mji wake mkuu ni Jamnagar, mpaka kufa kwake mwaka 1933. Hapa ni lazima tuangalie jambo moja. Watawala walipenda kupiga, wala hawakupenda kurusha. Kurusha mpira siku nzima katika jua la Rajkot ni kazi ya kutoka jasho, na kazi ya jasho hupewa mwenye kuajiriwa. Ndivyo desturi ilivyokuwa: mtawala humwajiri kijana hodari, humpa riziki, naye kijana humrushia mpira. Mara nyingi nahodha wa timu hakuchaguliwa kwa kuwa aujua mchezo; alichaguliwa kwa kuwa amezaliwa katika jumba la enzi.

Mwaka 1932 ilikuwa mara ya kwanza kwa India kushindana na Uingereza katika mashindano makuu baina ya nchi na nchi. Kiongozi wa msafara alikuwa Maharaja wa Porbandar, ule mji uleule tulioutaja. Maharaja huyu alikuwa na sifa nyingi, ila kupiga mpira haikuwa mojawapo. Lakini twampa heshima yake: ilipowadia siku yenyewe, alijitoa, akamwachia unahodha C. K. Nayudu, aliyekuwa mchezaji wa kweli na askari wa milki ya Holkar. Ni viongozi wangapi tuwajuao ambao wangefanya vivyo hivyo?

Basi tarehe 25 Juni 1932, katika uwanja wa Lord's mjini London, Waingereza wakatangulia kupiga. Wapigaji wao wawili wa kwanza walikuwa Holmes na Sutcliffe, ambao siku tisa tu kabla ya hapo walikuwa wamefanya mikimbio 555 pamoja kabla ya kutenganishwa, hesabu ambayo haikupata kuonekana duniani kabla yake. Mrushaji wa kwanza wa India alikuwa Mohammad Nissar, mtu wa Punjab, mrefu, mwenye kifua kipana na kasi ya kutisha. Nissar akaving'oa vijiti vya Sutcliffe, kisha akaving'oa vya Holmes. Mara mpigaji wa tatu, Woolley, akakamatwa katikati ya njia akikimbia, maana kijana mmoja wa India alikuwa ameudaka mpira na kuurudisha upesi kama umeme. Uingereza walikuwa na mikimbio 19, na watu watatu wamekwisha kutoka. Tangu saa hiyo hakuna aliyewacheka Wahindi.

Kijana huyo aliyemtoa Woolley aliitwa Lall Singh, naye hakutoka Bara Hindi hata kidogo. Alizaliwa Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaya, mwana wa Wahindi waliokwenda ugenini kutafuta riziki, kama walivyokuja huku kwetu. Twapenda vijana wa Kihindi wa mji huu walijue jina lake.

Amar Singh alirusha upande mmoja na Nissar upande wa pili. Alimtoa Hammond, mpigaji mkubwa kabisa wa Uingereza wa siku zile, kwa kuvipiga vijiti vyake. Nissar alipata wiketi 5 katika zamu hiyo, na Amar Singh 2. Na katika zamu ya pili ya Waingereza Amar Singh akapata 2 tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia kwa mrushaji. India walipokuwa wakishindwa katika zamu yao ya pili, aliingia akiwa mpigaji wa tisa, akaungana na yule Lall Singh wa Malaya, wakafanya mikimbio 74 kwa muda mfupi sana. Yeye mwenyewe alifanya 51, na huyo ndiye Mhindi wa kwanza aliyeichezea India kufikisha mikimbio 50 katika mashindano makuu. India walishindwa kwa mikimbio 158, lakini katika safari nzima ya mwaka huo Amar Singh alipata wiketi 111.

Waingereza walipokuja Bara Hindi katika mwaka 1933 na 1934, Amar Singh alipata wiketi 7 kwa mikimbio 86 katika zamu moja mjini Madras. Safari hiyo Ramji naye alicheza mara moja, huko Bombay, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Kutoka hapo twaweza kuruka mpaka Lancashire.

Colne ni mji mdogo wa viwanda vya kufuma nguo, kaskazini ya Uingereza, penye mvua na moshi. Pamba ya dunia ilikwenda katika wilaya ile kufumwa. Watu wa viwanda walikuwa na mashindano yao ya kriketi kila Jumamosi alasiri, na kila mji uliruhusiwa kumwajiri mchezaji mmoja mkubwa kutoka popote duniani. Colne walimwajiri Amar Singh mwaka 1935. Katika Nelson, mji wa jirani kabisa, mchezaji wa kuajiriwa alikuwa Learie Constantine, mtu mweusi wa Trinidad, mjukuu wa watumwa, aliyekuja baadaye kufanywa mheshimiwa katika Baraza la Malodi mwaka 1969. Hebu fikirini. Wafumaji wa Kiingereza, wenye mikono migumu, walilipa kiingilio chao wamtazame Mhindi wa Rajkot akimrushia mpira mtu mweusi wa Trinidad, na mchezaji akifanya vyema kofia ilipitishwa katikati ya watu, kila mmoja akatia senti zake. Hatusemi kwamba huko hapakuwa na ubaguzi. Constantine mwenyewe alikataliwa katika hoteli moja ya London mwaka 1943, akaishitaki, akashinda mwaka uliofuata. Lakini katika uwanja wa Colne mrushaji alikuwa bwana, wala hakuwa mtumishi wa mtawala yeyote.

Mwaka 1936 India walikwenda tena Uingereza, na safari hii mambo yaliharibika. Nahodha alikuwa mwana wa enzi wa Vizianagram, ambaye hakuwa na moyo wa Maharaja wa Porbandar wa kujitoa. Ugomvi ukazuka ndani ya timu, na mmoja wa wachezaji walio bora, Lala Amarnath, akarudishwa nyumbani kabla ya mashindano makuu ya kwanza. Katika fitina hizo Amar Singh akatoka Colne, akaja Lord's, akafanya kazi yake. India walikuwa wamefanya mikimbio 147 tu. Yeye akapata wiketi 6 kwa mikimbio 35, na Waingereza wote wakatoka kwa 134. Katika zamu ya pili wapigaji wa India wakaanguka kwa 93, na ushindi ukapotea. Sisi tumesoma hesabu za siku hiyo mara nyingi, na kila mara twaona uchungu uleule: mtu mmoja ajenga ukuta mchana kutwa, na wenziwe waubomoa kabla ya jua kutua.

Kati ya mwaka 1936 na 1937 timu ya Nawanagar ilishinda Kombe la Ranji, ambalo ndilo shindano kuu la majimbo ya Bara Hindi, naye alikuwa nguzo yake. Huko Bombay lakini palikuwa na shindano jingine lililopendwa kuliko yote, na timu zake ziligawanywa kwa dini: Wahindu peke yao, Waislamu peke yao, Waparsi peke yao, Wazungu peke yao, na mwaka 1937 wakaongeza timu ya waliobaki, kama vile mtu aongezavyo kikapu cha makapi. Hivyo Amar Singh aliyerusha bega kwa bega na Nissar katika uwanja wa Lord's alikuwa wa timu ya Wahindu, na Nissar wa timu ya Waislamu. Gandhi, ambaye alizaliwa Porbandar na kusoma shule Rajkot, alisema waziwazi mwaka 1940 kwamba hapendi michezo igawanywe kwa dini. Shindano lile liliendelea mpaka mwaka 1946. Mwaka uliofuata nchi yenyewe ikagawanywa, na Nissar akawa raia wa Pakistan, akafa Lahore mwaka 1963.

Amar Singh hakuyaona hayo. Alishikwa na homa, akafariki Jamnagar tarehe 21 Mei 1940, akiwa na umri wa miaka 29. Mrushaji wa umri huo bado ana miaka mingi mbele yake. Alikuwa amecheza mashindano makuu 7 tu na kupata wiketi 28, na katika michezo yote ya daraja la kwanza alipata 508, kila moja kwa wastani wa mikimbio 18 na kitu. Hakupata hata siku moja kuiona India ikishinda mashindano makuu. Ushindi wa kwanza ulikuja Februari 1952, tena Madras, mji ule alipowatoa Waingereza saba.

Sasa turudi Ziwani. Yale ya Bombay tusiyacheke, kwa maana sisi tulikuwa nayo. Katika siku za utawala wa Waingereza michezo ya miji yetu ilitengwa kama shule na hospitali zilivyotengwa. Wazungu walikuwa na klabu yao. Wahindi walikuwa na zao, na mara nyingi kila jamaa na yake. Mwafrika aliachiwa mpira wa miguu, na katika uwanja wa kriketi alikuwa mkata majani na mwokota mpira uliovuka ua. Mvulana wa Kisukuma awezaye kumpiga kunguru kwa jiwe mbali hapakuwa na mtu aliyemwita ndani ya ua kumwambia, Haya, nyosha mkono, turushie. Hasara hiyo haihesabiki kwa wiketi.

Matunda yake yalionekana mwaka 1975, lilipochezwa Kombe la kwanza la Dunia la kriketi huko Uingereza. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipeleka timu moja, ikiitwa Afrika ya Mashariki, chini ya Harilal Shah. Tanzania ilitoa Praful Mehta, mdakaji aliyesimama nyuma ya vijiti, na Shiraz Sumar. Wachezaji walio wengi walikuwa wa asili ya Kihindi. Tarehe 11 Juni, katika uwanja wa Headingley, wana wa wahamiaji walisimama mbele ya India yenyewe, wakatolewa wote kwa mikimbio 120. Na India wakazipita bila kupoteza mtu hata mmoja. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa India katika michezo ya siku moja baina ya nchi, nasi ndio tuliowapa.

Siku nne kabla yake, dhidi ya New Zealand, mmoja wa warushaji wa kasi wa timu yetu alikuwa John Nagenda wa Uganda, Mwafrika, mwana wa mhubiri. Alirusha ova 9, akapata wiketi 1. Umri wake ulikuwa miaka 37, umri ambao warushaji wa kasi wengi wamekwisha kustaafu. Hakupata mchezo mwingine wa namna hiyo. Akajulikana zaidi kwa uandishi wake na kwa kazi zake serikalini, mpaka kufa kwake mwaka 2023. Twajiuliza angekuwa mrushaji gani kama angepewa uwanja huo alipokuwa na miaka 23, umri wa Amar Singh alipowarudia Waingereza nyumbani kwake mwaka 1933. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wasiofikia miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri wao, na katika timu hiyo majina ya Kiafrika hayakuwa haba.

Walimu wa shule za vijijini huuliza kama mchezo huu waweza kuanzishwa pasipo fedha. Waweza. Pimeni hatua ndefu 22 katika ardhi ngumu iliyofagiliwa. Majani si lazima. Kateni fimbo tatu zenye urefu wa sentimita 71, mzisimamishe karibu karibu hivi kwamba mpira usipenye katikati. Gongo aweza kulichonga fundi wa mitumbwi kwa mbao nyepesi. Mpira wa ngozi una ghali, tena waweza kuvunja meno. Anzeni kwa mpira wa tenisi, mkaufunge utepe wa umeme upande mmoja tu, nao utapinda hewani, na wavulana na wasichana wenyewe watagundua upesi ni upande gani. Mstari wa mrushaji uchoreni kwa majivu. Asubuhi, kabla upepo wa Ziwa haujaanza kuvuma, ndiyo saa iliyo njema.